Mama Wangari Maathai, Mtetezi wa Bustani ya Watu Wote

Sisi watu wa Goma twaishi mlangoni pa Parki. Iliwekwa mwaka 1925 kwa jina la Parki Albert, ya kwanza katika Afrika yote, na tangu mwaka 1969 yaitwa Virunga. Lakini kwa majina yote mawili wengi wetu tumeihesabu kuwa ardhi ya wakubwa, mahali pa kukatazwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala ya kupikia hapa mjini imetoka humo kwa siri, na walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha yao katika kuilinda. Basi kuuliza Parki ni mali ya nani si mchezo wa darasani. Leo twawaletea wasomaji wetu habari za mama mmoja wa Kenya aliyelijibu swali hilo mbele ya watu wote. Wala hakuwa mgeni kwetu kabisa, maana mwaka 2005 wakuu wa nchi za Bonde la Kongo walimchagua awe balozi wa misitu yetu.

Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Nyeri. Masista wa Consolata walimfundisha katika misioni ya Mathari, na huko akawa Mkatoliki. Kisha alisoma kwa Masista wa Loreto huko Limuru, na kwa Masista Wabenedikto huko Kansas, Marekani. Mwaka 1971 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kufika daraja hiyo. Msomi wa namna hii angeweza kukaa na vitabu vyake. Lakini aliporudi kwao alikuta mti wa mugumo, ambao mama yake alimkataza hata kuokota kijiti chake, umekwisha kukatwa, na kijito kilichokuwa karibu nao kimekauka. Ndipo mwaka 1977 alipoanza kuwakusanya akina mama wa vijijini waoteshe miche wenyewe. Mabwana misitu walicheka, wakidhani kazi hiyo yataka shahada. Kila mche ulioshika ulilipiwa senti chache, na kufika mwaka 2004 miti ilikuwa imepita milioni 30. (Njia hiyo haiko mbali nasi: tangu mwaka 2007, kwa mpango uitwao EcoMakala, wakulima wa kandokando ya Virunga wamepanda miti ya makala katika mashamba yao.)

Katikati ya Nairobi pana uwanja mkubwa wa majani na miti, uitwao Uhuru Park. Mtu anayelala na watoto sita katika chumba kimoja aweza kuwapeleka huko Jumapili wakanyoosha miguu. Mwaka 1989 chama kilichotawala, KANU, kilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Mama Wangari akaandika barua kwa wizara, kwa ofisi ya Rais, hata kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama Waingereza wangekubali jumba la namna hiyo katika Hyde Park ya London. Bungeni walimtukana, wakiwaita wenzake kundi la wanawake walioachika. Ni kweli ndoa yake ilikuwa imevunjika. Ila hatuoni talaka ya mtu yahusianaje na majani ya bustani. Rais naye alisema mwanamke wa Kiafrika mwenye adabu huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mahakama ikaitupa kesi yake, na wenzake wakapewa saa 24 kuhama ofisi ya serikali. Hata hivyo wenye fedha wa ng'ambo waliingiwa na wasiwasi, jumba likaachwa, na mwaka 1992 uzio ukaondolewa.

Mwaka huohuo akina mama wazee walikaa katika pembe ya bustani hiyo wakikataa kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu ya siasa. Mama Wangari alikaa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga, na yeye akazimia. Karibu wafungwa wote waliachiliwa mwaka uliofuata. Kama lile jumba lingalijengwa, akina mama hao wangalikaa wapi?

Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda kupanda mti mmoja tu kwenye lango la msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa matajiri wajenge nyumba. Walinzi wa kukodiwa wakampasua kichwa. Alipotoa taarifa kwa polisi aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi wa Agosti Rais alikataza kugawa ardhi ya umma, na leo watu wa Nairobi hutembea Karura pamoja na watoto wao.

Mwaka 1982 alizuiwa kugombea ubunge; mwaka 1997 aligombea urais akashindwa. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimpa kura 98 katika kila 100, naye akawa waziri msaidizi wa mazingira. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Na mwaka 2007 wapiga kura wakamwacha. Kwa maoni yetu kazi yake kubwa aliifanya kabla ya kupata kiti.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameusia kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Basi lilifumwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya maji, na tarehe 8 Oktoba likapelekwa Uhuru Park, watu wakamuaga pale pale.