Je, Wajua? Foleni ya Kura Kasongo na Kabambare

Je, wajua kwamba bibi wa Kasongo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mumewe, wakisimulia kura yao ya kwanza, huenda hawazungumzii siku moja? Uchaguzi wa Mei 1960, uliomfikisha Patrice Lumumba kwenye uwaziri mkuu, ulikuwa wa wanaume peke yao, wenye miaka 21 na zaidi. Wanawake walingoja hadi kura ya maoni ya katiba, Juni 1967.

Je, wajua kwamba mwaka 1970 kura ya rais ilikuwa na rangi mbili tu? Kadi ya kijani ni ndiyo kwa Rais Mobutu, nyekundu ni hapana, na mwenye kushika nyekundu alijua anatazamwa. Matokeo yaliyotangazwa kwa nchi nzima: kijani zaidi ya milioni 10, nyekundu 157. (Hao 157 ningependa sana kuketi nao wanipe kisa chao.) Mwaka 1975 hata kadi ziliachwa. Majina ya wabunge yalisomwa hadharani, umati ukashangilia, uchaguzi ukawa umekwisha.

Wakenya nao walipitia yao. Katika mchujo wa chama cha KANU mwaka 1988, wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea. Kila mtu aliona mstari upi mrefu, na bado kuna mahali mfupi ulitangazwa mshindi.

Ndiyo maana uchaguzi wa Kongo wa Julai 30, 2006 unatajwa kwa hamu mpaka leo. Zaidi ya miaka arobaini ilikuwa imepita tangu Wakongo wachague kati ya vyama vingi, na safari hii foleni ilikuwa ya wote, siri ikawa ya mtu mmoja. Vituo, vingi vikiwa madarasa ya shule, vilipangwa kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mtu wa kijijini Kabambare kura ni mwendo kwanza: unatoka na giza, umevaa nguo ya sikukuu, na njiani mnaongezeka. Kwenye foleni mnapeana habari za misiba, ndoa na bei ya muhogo. Kisha unaingia peke yako nyuma ya kizuizi na karatasi kubwa yenye picha 33 za wagombea urais, unatia alama, unaikunja na kuitumbukiza sandukuni. Jioni kura zilihesabiwa palepale: karatasi moja moja ilifunuliwa na kusomwa kwa sauti mbele ya mashahidi wa vyama, na matokeo yakabandikwa nje ya kituo. Mtu alirudi nyumbani akijua mtaa wake umesema nini.

Je, wajua kwa nini wino anaotiwa mpiga kura kidoleni haukubali sabuni? Una nitrati ya fedha, ambayo ikipigwa na mwanga hubadilika kuwa nyeusi ndani ya ngozi. Kwenye ngozi hutoka baada ya siku kadhaa. Kwenye ukucha unangoja ukucha wenyewe ukue.

Je, wajua kwamba wengi walijiandikisha kwa sababu isiyo ya kura? Sensa ya mwisho ya Kongo ni ya mwaka 1984, na kwa miaka mingi vitambulisho vya taifa havikutolewa. Kadi ya mpiga kura ndiyo iliyoshika nafasi hiyo: kwenye kizuizi cha barabarani, ofisini, hata kusajili laini ya simu.

Mwaka 2018 ilikuja mashine kutoka Korea Kusini: unagusa picha kwenye kioo, inakuchapia karatasi yako. Mwaka huohuo, siku nne kabla ya kura ya Desemba 30, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba miji ya Beni na Butembo haitapiga kura siku hiyo, kwa sababu ya Ebola na usalama. Watu wa Beni walipanga uchaguzi wao: wakanawa mikono, wakasimama foleni, wakaandika karatasi, wakazitia sandukuni. Walijua hazitahesabiwa Kinshasa. Kura yao rasmi ya wabunge ilifanyika Machi 31, 2019, rais mpya akiwa ameapishwa tangu Januari 24.

Desemba 2023 Wakongo wa ughaibuni walipiga kura kwa mara ya kwanza, katika nchi tano: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Tanzania haikuwemo. Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, hakuwa na kituo.