Je, Wajua? Ushuru wa Kutoa Pesa Hutozwa Ada, Si Pesa Yenyewe

Mchuuzi wa samaki wa Homa Bay anapotoa pesa benki, au mkulima wa tumbaku wa Migori kwa wakala wa simu, serikali ya Kenya haikati kiasi kilichotolewa bali hutoza ushuru ada ya huduma. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kiwango kimoja cha asilimia 15 kwa ada za huduma za kuhamisha pesa. Awali kilikuwa asilimia 20 kwa benki na 12 kwa simu. Ada ikiwa shilingi 100, ushuru ni 15: mtoa huduma huuwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), lakini mteja ndiye anayeubeba. Watetezi wa ushuru huo husema huo ni unafuu ukilinganishwa na Uganda, inayokata asilimia 0.5 ya pesa yote inayotolewa kwenye simu. Kwa anayetoa laki, ni kweli. Lakini ada za Kenya hupangwa kwa ngazi, na za ngazi za chini ndizo ghali zikilinganishwa na kiasi kinachotolewa. Anayetoa 500 akilipa ada sawa na anayetoa 2,000, ushuru nao ni uleule, ila kwake uzito ni mara nne. Na mchuuzi yule wa samaki, anayetoa kidogo kidogo kila siku, hutozwa kila atoapo.