Je, Wajua? Simba wa Mawe, Msomaji wa Baa na Hadithi ya Kabla ya Kulala

Je, wajua kwamba kuna jengo moja tu nchini Kenya lililotungiwa sheria yake lenyewe ya kulilinda, na kwamba jengo hilo ni maktaba? Ni Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, Nairobi, ubavuni mwa Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa mwaka 1931, sheria ikafuata 1938. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Inasimuliwa kwamba bwana huyo alikuwa na mwili mkubwa hata waliomzika wakashindwa kumfikisha kileleni mwa Ol Donyo Sabuk, wakamlaza njiani.

Mlangoni wamelala simba wawili wa mawe. Watoto huwakimbilia hao kwanza, na mimi sioni ubaya. Aliyeingia kwa sababu ya simba ameshaingia. Kwa takriban miaka 30 ya mwanzo lakini, Mwafrika hakuruhusiwa kupita hapo kusoma. Rafu zilikuwa za Wazungu peke yao. Humo ndani pia zilihifadhiwa baadhi ya fanicha za Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa upande wa magharibi wa jiji, unaoitwa Karen leo. Aliuza vyombo vyake akaihama Kenya mwaka ule ule maktaba ilipofunguliwa. Siku hizi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017, linashirikiana na serikali ya kaunti kufufua jengo hilo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Je, wajua kwamba Kenya iliwahi kuwa na watu waliosoma riwaya kwa sauti ndani ya baa, wakalipwa kwa bia? Mwaka 1978 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, aliandika riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwenye karatasi za chooni. Ilipotoka mwaka 1980 ilinunuliwa kwa kasi hata ikabidi ichapishwe tena kabla ya mwaka kwisha. Mchapishaji wake, Henry Chakava, alikuwa ameshalipia gharama nyingine: alivamiwa na watu wenye panga, akajeruhiwa kidole.

Ila utamu wa kisa uko kwa wasomaji. Ngũgĩ mwenyewe alieleza kwamba nakala moja ilitosha nyumba nzima. Jioni familia iliketi, mmoja akasoma, wengine wakasikiliza, wakiwemo wazee wasiojua hata herufi moja. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula cha mchana. Na baani palizuka msomaji mwenye akili zake: akifika penye joto zaidi, glasi yake ikiwa tupu, anafunga kitabu. Hafungui mpaka mtu aagize nyingine.

Mzazi wa Kileleshwa au Kangemi ambaye mwanawe hataki kusikia habari ya kitabu angemwiga huyo mlevi. Soma kurasa chache, fika pale fisi anapobisha mlango, kisha useme ni saa ya kulala. Kesho kitabu kitaletwa na mtoto mwenyewe.

Ngũgĩ naye aliingizwa katika kusoma na mtu asiyejua kusoma. Mama yake, Wanjikũ, ndiye aliyemuuliza, mwaka 1947, kama angependa kwenda shule, na ndiye aliyetafuta karo. Mtoto alipoleta alama nzuri nyumbani, mama aliuliza tu kama hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Hakuweza kusahihisha daftari, lakini alijua kuuliza swali. Wanne kati ya wajukuu wake wakawa waandishi: Tee, Ndũcũ, Mũkoma, na Wanjikũ aliyepewa jina la bibi. Riwaya ya Mũkoma, Nairobi Heat, ni ya upelelezi, na jiji lenyewe limo hadi kwenye jina la kitabu.

Je, wajua kwamba kitabu cha watoto kina maneno magumu kuliko mazungumzo ya watu wazima waliosoma? Watafiti wa Marekani walipohesabu maneno yasiyotumika sana, vitabu vya watoto viliyashinda mazungumzo ya wahitimu wa chuo kikuu, vikaishinda na televisheni ya saa za jioni. Ukitaka kupima, sikiliza unavyoongea na mwanao kwa siku moja: vaa viatu, maliza chai, basi limefika. Hakuna kasri humo, hakuna mzimu, wala hakuna nahodha.

Watu wazima wengi jijini waliacha kusoma siku walipomaliza mtihani wa kidato cha nne. Ninaloshuku ni kwamba waliuchoka mtihani, si kusoma. Kwa hiyo wakirudi, wasianze na vitabu vya kujiendeleza kimaisha. Waanze na Moses. Barbara Kimenye, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1929, akaishi Uganda, kisha akafanya kazi gazetini hapa Nairobi, alianza kuandika visa vya mvulana huyo mtundu wa shule ya bweni ya Mukibi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mama anayecheka peke yake kwenye kochi huku ameshika kitabu chembamba atafuatwa na swali: "Mama, unacheka nini?" Anayependa Kiswahili achukue Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, iliyosomwa na vizazi vya sekondari.

Pa kuvipata? Katikati ya jiji, wauza vitabu vya mitumba huvitandaza kando ya barabara, nawe unainama kuchagua. Mwachie mtoto achague mwenyewe, hata akiokota kitabu cha magari. Maduka yenye vitabu vipya yana bei nyingine, na serikali imechangia: tangu sheria ya mwaka 2013, kitabu hutozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16. Ukiongeza kwamba mzazi akiingia dukani hununua kwanza vitabu vya marudio, hadithi hubaki rafuni. Maonyesho ya vitabu ya kila Septemba, yaliyozoeleka Sarit Centre, Westlands, huwa na ofa, hasa siku ya mwisho wachapishaji wasipotaka kurudisha maboksi ofisini.

Na kama hata nauli ni shida, kumbuka Garissa, ambako tangu mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa huwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Nairobi haina ngamia, ila simu imo katika kila mfuko. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, umeweka mtandaoni hadithi za watoto za bure, za Kiswahili na za lugha nyingi za Kenya. Unaweza kuzichapa kwenye karatasi, na mtoto asiyeridhika na mwisho wa hadithi anaruhusiwa kuandika yake papo hapo.