Ufunguo wa Baraza

Zamani habari za mji zilipatikana barazani, au msikitini baada ya sala. Msemaji alijulikana kwa uso na kwa jina, na akisema uwongo aliulizwa. Leo vijana wetu huzipata habari katika simu, kwenye mabaraza ya mitandao ambayo wenyewe wako mbali. Basi yatupasa tuulize: ufunguo wa mabaraza hayo umo mkononi mwa nani?

Tarehe 27 Oktoba 2022, tajiri Elon Musk alikamilisha kuununua mtandao wa Twitter, ambao sasa waitwa X, kwa dola bilioni 44. Alisema ataka uhuru wa kusema. Hata mwezi wa Novemba alitangaza kwamba hataufunga ukurasa uliokuwa ukieleza safari za ndege yake. Desemba haikupita ila ukurasa huo ulifungwa. Na tarehe 15 ya mwezi huo zikafungwa pia kurasa za waandishi kadhaa, wakiwemo wa New York Times, Washington Post na CNN.

Bwana huyo alisema kwamba kutangaza mahali alipo kwawatia hatarini watu wa nyumbani kwake. Hofu ya mzazi haidharauliwi. Lakini katika shauri hili mshitaki, hakimu na mtekelezaji wa hukumu walikuwa mtu mmoja. Umoja wa Mataifa na Umoja wa Ulaya walilaumu, na baada ya siku chache baadhi ya kurasa zikafunguliwa.

Mwezi wa Aprili 2023, shirika la redio la NPR la Marekani lilitiwa katika mtandao huo alama ile ile waliyotiwa watangazaji wa serikali za Urusi na Uchina. NPR ilikataa, ikaacha kuandika humo.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la mtu mmoja. Januari 2021 wenye Twitter wa kwanza waliufunga ukurasa wa Donald Trump, naye angali Rais wa Marekani. Wako waliofurahi, na wako waliokasirika. Lakini ufunguo ulikuwa ule ule, na kesho yake ukauzwa kwa mwingine.

Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuitenda. Habari ya uwongo yaweza kuchunguzwa. Lakini habari iliyozuiliwa mlangoni tutaichunguzaje, hali hatujui kwamba ipo? Hapo ndipo penye hatari kubwa.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msiiache nyumba ikae na mlango mmoja wa habari. Someni gazeti, sikilizeni redio zaidi ya moja, na jioni waulizeni watoto: habari hii ameileta nani, na nani hakuruhusiwa kusema? Nanyi vijana, msifanye haraka kuieneza habari kwa kuwa tu imekufikieni kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa kweli na wa uadilifu. Amin.