Je, wajua? Mashine ya nyama iliyoshika kutu huvishwa bati upya

Mashine ya mkono ya kusaga nyama, ile inayofungwa ukingoni mwa meza ya bucha, kwa kawaida ni ya chuma cha kusubu kilichovikwa bati. Bati likichubuka, chuma hubaki wazi, na katika mji wenye mvua nyingi kama Kakamega kutu haikawii. Wengi huitupa. Nadhani hiyo ni hasara, kwa sababu kilichokufa ni ngozi tu: chuma husafishwa mafuta na kutu kwa tindikali, kisha huchovywa katika bati lililoyeyuka, ambalo kuyeyuka kwake huhitaji nyuzi 232 tu za Selsiasi.

Wapo watakaosema heri kununua ya chuma kisichoshika kutu. Ni kweli haihitaji kuvikwa chochote, ila bei yake ni kubwa zaidi. Pingamizi zito ni la usalama. Fundi asipotumia bati safi, hatari ipo: lehemu ya kawaida ya mafundi mara nyingi huchanganywa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Zinki ya mabati nayo huyeyuka penye ndimu au siki. Kwa hiyo fundi wa jua kali aulizwe kwanza: bati lako ni safi?