Siku ya Donati Si Sikukuu: Jinsi ya Kuzisoma Siku za Ajabu za Marekani

Safari hii nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini limeshamletea baba mmoja tunayemhudumia barua ya onyo kazini. Ni hizi siku zinazoitwa "National Day", ambazo Wamarekani wanazo karibu kila asubuhi: leo siku ya kitaifa ya donati, kesho ya kahawa, keshokutwa ya mbwa.

Baba huyo aliona kwenye simu kwamba kesho yake ilikuwa siku ya kitaifa, akaamini kiwanda kitafungwa, akalala. Kiwanda hakikufungwa. Alikosa mshahara wa siku ile na akaandikwa kuwa mtu aliyekosa kazi bila kupiga simu, kosa ambalo katika viwanda vingi likirudiwa linakutoa kazini.

Mimi simlaumu. Tulikotoka, siku ikitangazwa kuwa ya taifa ina meno. Rwanda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda na kila mtu anatoka na jembe lake. Burundi nako kuna kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi. Na sisi tuliokaa kambini tunazijua siku zetu: siku ya mgao, siku ya kuhesabiwa. Ukikosa siku ya kuhesabiwa, jina lako linaweza kutoka kwenye orodha, na bila jina hakuna unga. Tumefundishwa miaka mingi kwamba siku iliyotajwa na wakubwa haipuuzwi. Kwa hiyo mtu wetu akiona neno "national", moyo unashtuka kabla hajamaliza kusoma.

Hapa neno hilo halina nguvu hiyo. Mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye siku yoyote, na hakuna polisi wala ofisi ya serikali itakayomuuliza.

Chukua donati. Siku yake ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita, na ina historia ya heshima. Ilianzishwa mwaka 1938 mjini Chicago na Salvation Army, shirika la kanisa ambalo baadhi yenu mmenunua makoti ya baridi kwenye maduka yake ya mitumba. Walitaka kukusanya pesa za kusaidia maskini, na kuwakumbuka wanawake wao waliowapikia askari donati huko Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo wengi hawakumbuki vita wala maskini. Wanakumbuka kwamba baadhi ya maduka hutoa donati moja ya bure.

Au chukua tarehe 19 Septemba, siku ya kuongea kama haramia wa baharini. Hiyo waliitunga marafiki wawili wa jimbo la Oregon mwaka 1995 katika mzaha wao, na miaka saba baadaye mwandishi mmoja maarufu wa magazeti, Dave Barry, akaiandika, ikaenea nchi nzima. Hakuna zaidi ya hapo. Ukimkuta mfanyakazi mwenzako siku hiyo ananguruma "arrr", hajarukwa na akili na wala hakutukani.

Tarehe 2 Februari utaona kwenye televisheni wanaume waliovaa kofia ndefu nyeusi wakimtoa shimoni mnyama mnene wa jamii ya kindi, katika mji mdogo wa Punxsutawney, Pennsylvania. Wanafanya hivyo tangu miaka ya 1880. Mnyama akiona kivuli chake, wanasema baridi itaendelea wiki sita zaidi. Wazee wetu wanaosoma mvua kwa ndege na mchwa hawatashangaa sana. Ila nawaombeni msirudishe makoti kabatini kwa neno la mnyama huyo.

Siku nyingine zina biashara ndani yake. Ipo tovuti ya North Dakota iliyoanzishwa mwaka 2013 inayoorodhesha siku hizi na kupokea maombi ya siku mpya, na kampuni hulipia ili siku zao ziingizwe. Hata rais amewahi kutia mkono: mwaka 1984 Ronald Reagan alitangaza Julai kuwa mwezi wa aiskrimu, na Jumapili ya tatu ya mwezi huo kuwa siku yake. Rais mwenyewe alitia sahihi, na bado watu walioingia zamu Jumapili ile waliingia zamu.

Wamarekani wenyewe hawakubaliani kuhusu siku hizi. Wapo wanaozipenda kwa sababu zinawapa kitu cha kuchekea pamoja kazini, hasa mwezi wa pili theluji ikiwa imewachosha. Wapo wanaosema ni ujanja wa kuuza vitu. Wengine wanalalamika kwamba siku za mambo mazito, kama saratani au watoto waliopotea, zinasukumwa pembeni na siku ya jibini. Maoni yangu mimi: siku ya mwalimu wa hesabu anayewagawia watoto keki tarehe 14 Machi ina faida, kwa sababu mtoto anarudi nyumbani anajua kitu. Siku ya kuuza mito ya kulalia, hapana. Lakini hilo ni langu, nanyi mna yenu.

Sasa tofauti inayogusa mfuko wako. Sikukuu za serikali kuu, zinazoitwa "federal holiday", ni kumi na moja tu kwa mwaka: Mwaka Mpya, Martin Luther King, Washington, Memorial Day, Juneteenth (iliyoongezwa 2021), Uhuru wa tarehe 4 Julai, Labor Day, Columbus, Veterans Day, Thanksgiving na Krismasi. Siku hizo posta, ofisi ya Social Security na ofisi za uhamiaji hufungwa, benki nyingi pia, na katika miji mingi mabasi hupungua kama siku ya Jumapili. Ukiwa na safari ya hospitali, angalia ratiba usiku wa jana yake.

Lakini sikilizeni vizuri hapa: hata sikukuu hizi kumi na moja si lazima uwe nyumbani. Sheria ya nchi haimlazimishi mwajiri binafsi akupe mapumziko siku hizo, wala akulipe kama hukufanya kazi. Kiwanda cha nyama, ghala, hoteli, nyumba ya wazee, vingi hufanya kazi hata Krismasi. Jibu liko kwa msimamizi wako wa kazi na kwenye kitabu cha kanuni ulichopewa wiki ya kwanza. Ukiona siku ina jina na huelewi, muulize kwa sentensi fupi: "Do we work tomorrow?" Hakuna atakayekucheka, maana hata waliozaliwa hapa huuliza hivyo.

Na tarehe 15 Aprili, inayoitwa "Tax Day", isikuchanganye kwa jina lake. Hiyo si ya mzaha. Ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, labda iangukie wikiendi au sikukuu.

Shuleni ndiko siku hizi zinakoumiza familia zetu zaidi. Mama mmoja alinipigia simu usiku, sauti imebadilika. "Mwanangu, wanasema mtoto aje kesho na nguo za kulalia. Wanamdhihaki kwa sababu ni mkimbizi?" Nilimwelewa kabisa. Kwetu nguo za kulalia ni za ndani ya nyumba, na mtoto akionekana nazo barabarani anayesemwa ni mama. Isitoshe, kambini wengi wetu tulilala na fulana ya mchana au tukajifunika kanga, hatukuwa na nguo maalumu za usiku. Nilimweleza kwamba darasa zima litavaa hivyo, na mwalimu pengine naye. Siku hiyo inaitwa "Pajama Day". Zipo pia za soksi zisizofanana, za nywele za ajabu na za kofia.

Mara nyingi hizo siku zimefungwa kwenye jambo kubwa zaidi ambalo karatasi ya shule haielezi. Mwisho wa Oktoba, kwa mfano, kuna wiki ya utepe mwekundu ya kuwakinga watoto na dawa za kulevya. Ilianza kumkumbuka Enrique Camarena, askari wa Marekani wa kupambana na dawa hizo aliyeuawa Mexico mwaka 1985. Soksi za rangi mbili wiki hiyo zinatoka huko. Mzazi akilijua hilo ana cha kuongea na mtoto jioni.

Usinunue kitu. Suruali laini na fulana kubwa vinatosha kuwa pajama. Siku ya mia moja ya shule, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi wa pili, watoto huambiwa walete vitu mia. Hesabuni maharage mia pamoja mezani, myatie kwenye mfuko wa plastiki, basi. Mtoto asipovaa wala asipoleta chochote hapati adhabu na alama hazipungui, ingawa nawaambia ukweli, mtoto mgeni akiwa peke yake mwenye nguo za kawaida siku ile huiona ndefu. Kama siku fulani inagongana na dini yenu, mna haki ya kukataa. Mwandikieni mwalimu mstari mmoja mapema, au tuleteeni sisi tuuandike.

Jambo la mwisho ni simu. Siku hizi za vyakula huja na ujumbe mwingi wa zawadi. Duka la kweli linakupa donati yako mlangoni, au linakutaka uwe na programu yake. Ujumbe unaotaka namba yako ya Social Security, namba ya kadi ya chakula au picha ya kadi yako ya ukaazi si wa donati. Ufute. Kama umeshajibu, njoo ofisini siku hiyohiyo, usisubiri miadi.

Nasi tunayo yetu. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Shule zitakuwa zimefungwa, kwa hiyo hakuna karatasi itakayokuja kwenye begi la mtoto. Tutakutana ukumbi wa chini wa ofisi saa kumi jioni, yaani saa 4:00 kwa saa za hapa. Wenye zamu ya usiku mpite hata kwa dakika kumi. Chai ipo, mandazi tunaomba akina mama watusaidie.