Antena Fupi na Kazi ya Ukinzani

Neno masafa lina taabu yake kwa mtu atakaye kueleza habari za antena. Kwa asili lina maana ya umbali. Watu wa redio walipolichukua, "masafa mafupi" yakawa ni mawimbi mafupi, na siku hizi wimbi lile lile fupi, kwa kuwa latikisika mara nyingi kwa sekunde, huitwa la "masafa ya juu". Humu basi nitasema urefu wa wimbi, na idadi ya mitikisiko.

Antena ya waya, iliyokatwa katikati ili itiwe umeme, hufanya kazi vizuri urefu wake ukikaribia nusu ya wimbi. Mitikisiko 3,000,000 kwa sekunde ina wimbi la mita 100, kwa hivyo zatakiwa mita 50 za waya. Mitikisiko ikibadilika, waya ule haufai tena. Sababu ni kwamba umeme ufikapo nchani hauna pa kwenda, hurudi na kupambana na ule ujao, kama wimbi lipigalo ukuta wa gati. Penye ufuko ulioinama polepole wimbi hufa njiani.

Mwaka 1961 Edward Altshuler alitia kikinza cha omu 240 mahali palipo robo ya wimbi kutoka nchani. Umeme ukawa waenda nje tu, lakini karibu nusu ya nguvu ikaishia kuwa joto. Tena robo hiyo ni ya wimbi moja. Mitikisiko ikibadilika mno, kikinza hakipo mahali pake. Wu na King, mwaka 1965, waliutandaza ukinzani juu ya waya mzima, mdogo katikati, ukizidi kadiri umbali uliosalia hadi nchani unavyopungua. Huo ndio ufuko wenyewe.

Ukinzani hauongezi nguvu itokayo. L. J. Chu alionyesha mwaka 1948 ya kuwa antena ndogo isiyopoteza nguvu haiwezi kuchukua mitikisiko ya namna nyingi. Upana upatikanao kwa vikinza hulipwa kwa joto. Kwa mwenye kupeleka sauti mbali, naona bei hiyo ni ghali. Kwa mpokeaji wa mawimbi marefu si kitu, maana makelele ya angani hupungua pamoja na sauti itakiwayo.

Penye faida kubwa ni katika rada ya kuchungulia ardhi, itafutayo mabomu yaliyotegwa. Bomu huwa sentimita chache tu chini ya udongo, na mwangwi wake hurudi mara moja. Antena ya kawaida ingali ikivuma kama kengele iliyokwisha pigwa, na mvumo ule huufunika mwangwi. Yenye ukinzani hunyamaza upesi, bomu likajulikana lilipo.